Mbwa Aliyeoteshwa Pembe

Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru lenye makao yake makuu Nchiru, kando ya barabara itokayo mjini Meru kwenda Maua, ni walinzi wa masimulizi ya namna watu wao walivyotoka Mbwaa, makao yao ya zamani. Huko Mbwaa, Wameru walikuwa chini ya Nguu Ntune, watu wa nguo nyekundu, mabwana waliowatwisha masharti ya kuwakomoa. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya ndani na nje. Leteni mkuki unaogusa ardhi na mbingu. Na katikati ya masharti hayo limo hili: leteni mbwa mwenye pembe.

Kiatu kilipatikana. Wazee walikata ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya ng'ombe dume, ambayo ina manyoya huku na huku. Mbwa naye akapatikana: ilichukuliwa jozi ya pembe za swala mdogo, ikagandishwa kichwani mwa mbwa hai, akapelekwa mbele ya mabwana. Mkuki ndio uliowashinda. Wakaondoka usiku wakiongozwa na Koomenjoe, wakavuka maji, na safari ikaishia kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene.

Masimulizi haya husomwa zaidi kama historia ya uhamaji, na ni haki yake. Bernardo Bernardi aliyaandika katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959, na Jeffrey Fadiman akayakusanya upya kutoka vinywani mwa wazee, akipendekeza kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Lakini ndani yake mna pia historia ya sanaa. Watu waliotakiwa kuleta kiumbe kisichokuwepo hawakukaa wakisubiri ndoto. Waliwaendea wanyama waliowachunga na kuwawinda kila siku, wakachagua kiungo hiki na kile, wakaunganisha.

Ndiyo njia ileile aliyoifundisha Leonardo da Vinci nchini Italia. Katika maelekezo yake kwa wachoraji, alisema kiumbe cha kubuni hakitaonekana hai mpaka kila kiungo chake kifanane na cha mnyama wa kweli. Akitaka joka, alichukua kichwa cha mbwa mkubwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, nyusi za simba, panja za jogoo mzee na shingo ya kobe wa majini. Mwandishi Giorgio Vasari anasimulia kuwa Leonardo akiwa kijana alijaza chumba mijusi, nyoka, panzi na popo ili achore zimwi kwenye ngao, akang'ang'ana na kazi mpaka wanyama wale wakaoza na kunuka.

Asiyemwona mnyama huteleza. Mwaka 1515 Mjerumani Albrecht Dürer alichora kifaru aliyefikishwa Lisbon kutoka India, yeye akiwa hajamtia machoni, ila alikuwa na maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvika mabamba kama deraya ya askari na kumwekea pembe ndogo ya pili mgongoni. Ulaya ilimwamini kifaru huyo kwa zaidi ya karne mbili.

Turudi kwa mbwa wetu, kwani kwake yeye kuna somo ambalo mwanafunzi wa uchoraji hawezi kulipata kwa kufikiri tu. Pembe ya swala haikubandikwa juu ya ngozi. Imeota kwenye mhimili wa mfupa unaotoka kwenye paji la fuvu, na ganda gumu la nje limeufunika mhimili huo. Fuvu la mbwa lina kazi nyingine: juu yake, pande mbili, umelala msuli mkubwa unaofunga taya, ule unaompa mbwa nguvu ya kuvunja mfupa. Anayetaka pembe zisimame hapo hana budi kuamua. Ama ausogeze msuli na kumpunguzia mbwa nguvu ya kuuma, ama azipeleke pembe mbele, juu ya macho. Uamuzi wowote kati ya hayo utabadilisha umbo la kichwa, shingo itakayobeba uzito huo, hata namna mbwa atakavyopigana. Hapo ndipo kiumbe huanza kuwa na maisha yake. Terryl Whitlatch, Mmarekani aliyebuni wanyama wengi wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, ni mtu wa zoolojia pamoja na uchoraji, na michoro yake huonyesha mifupa na misuli ya wanyama ambao hawajawahi kuzaliwa.

Na Meru ina wanyama ambao mgeni angedhani wamebuniwa. Kinyonga dume wa Jackson, anayepatikana kwenye miti na nyua za miteremko ya Mlima Kenya, ana pembe tatu usoni, naye huzitumia kusukumana na madume wenzake. Katika Mbuga ya Taifa ya Meru yupo swala twiga, anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma ili ayafikie majani, na yupo twiga mwenye madoa yaliyopangwa kama wavu.

Twiga ndiye aliyeugeuza mchezo huu upande wa pili. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpeleka mmoja China, kwa mfalme Yongle. Wachina walikuwa na kiumbe cha hadithi, qilin, mwenye mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na kwato za farasi, ambaye kutokea kwake kulikuwa dalili ya utawala mwema. Maafisa wa ikulu walipomtazama twiga wa Afrika Mashariki, waliona wamempata. Mwaka uliotangulia, twiga mwingine aliyeletwa kutoka Bengal alikuwa amekwisha kuchorwa akiwa qilin.

Katika maji ya Lamu, jirani na Manda, anaishi mnyama mwingine wa namna hiyo: nguva. Jike lake lina matiti mawili kwapani, na hunyonyesha mtoto majini. Si ajabu mabaharia wakamwona mwanamke mwenye mkia wa samaki. Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, aliyaita maonyesho yake ya London ya mwaka 2014 "Nguva na Nyoka", na mwaka 2020 akatengeneza sanamu ya shaba aliyoiita Crocodylus, ambamo mwanamke na mamba wamekuwa mwili mmoja.

Dar es Salaam ilichukua njia yake. Katika miaka ya 1950 mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa, aliyetoka upande wa Msumbiji, alianzisha mtindo wa mashetani, na baadaye George Lilanga (1934–2005) akayatoa kwenye mpingo na kuyaingiza kwenye rangi. Mashetani yake yana masikio mapana na miguu ya vidole viwili. Hakuna anayeweza kusema ni mnyama gani, lakini yanacheza ngoma, yanabebana na kugombana kwa uzito wa miili ya kweli. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna viumbe vya kubuni vya Afrika Mashariki vinavyoyazidi kwa uhai.

Nchiru leo ina pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013. Barabara ileile inayopita hapo kwenda Maua huendelea mpaka kwenye lango la Murera la Mbuga ya Taifa ya Meru. Walimu wa sanaa wa Meru na Embu wana zoezi tayari mikononi mwao: wawapeleke wanafunzi kwa wazee wakasikilize kisa cha Mbwaa kikamilifu, kisha wawape penseli, mbwa wa nyumbani na fuvu la mbuzi, wawaambie wamchore mbwa mwenye pembe ambaye Nguu Ntune wasingemkataa.