Pointi Mbili za Mwaka 1981

Matoleo ya Jamhuri ya jarida hili yamekwisha kuandika juu ya Kipchoge Keino, juu ya raga ya wachezaji saba, na juu ya Harambee Stars na misiba yake yote. Kriketi hatujaigusa, na sababu tunaijua. Wengi wetu tuliotoka Nyanza, Pwani au Mlima Kenya tulikua tukiuona kuwa mchezo wa watu wengine: wa Wazungu na klabu zao, kisha wa Wahindi wa Ngara na Parklands. Ni watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza, wanaorudi kutoka shule na suruali nyeupe zenye madoa ya majani, waliotuuliza kama kuna mtu wa Nairobi aliyewahi kucheza ligi ya kaunti. Wapo kadhaa. Na kuna msimu mmoja unaostahili kusimuliwa wote.

Kwanza, kaunti. Wasomaji waliozoea kaunti 47 za Kenya zilizoanza kazi 2013 wasichanganyikiwe. Katika kriketi, kaunti ni klabu ya jimbo la Kiingereza, kama Kent, Surrey au Yorkshire. Glamorgan ni ya Wales. Mwaka 1981 zilikuwa 17. Kila moja ilicheza mechi 22, na kila mechi ilichukua siku tatu, timu zikipiga raundi mbili kila moja. Ndiyo, siku tatu, na mara nyingi bila mshindi. Ushindi ulilipwa pointi 16, sare haikulipa kitu, lakini timu iliweza kudokoa pointi chache za ziada kwa mikimbio na wiketi za raundi ya kwanza. Hizo pointi za kudokoa mtaziona umuhimu wake.

Nottinghamshire ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 1929. Miaka 52! Mzee aliyeshangilia ule wa 1929 akiwa kijana alikuwa amestaafu. Lakini mwaka 1981 nahodha wao alikuwa Clive Rice, na mrushaji wao wa kasi alikuwa Richard Hadlee wa New Zealand, ambaye msimu ule alichukua wiketi 105. Uwanjani kwao Trent Bridge, mtunza uwanja aliacha nyasi za kutosha ili mpira uruke na kupinda, na Rice akishinda kura ya sarafu aliwaambia wageni wapige kwanza. Wageni walijua kinachowangoja. Wengine waliita hila. Sisi tunaona ni kawaida ya mwenye nyumba kupanga viti vyake atakavyo.

Katika kikosi hicho alikuwemo Basharat Hassan, aliyezaliwa Nairobi 1944. Alianza kuichezea Nottinghamshire 1966 na akaendelea hadi 1985. Mashabiki walimwita "Basher". Hakuwa nyota wa kuandikwa kila asubuhi. Alikuwa mpigaji wa kutegemewa na mdakaji hodari, mtu wa aina ambayo kila timu inamhitaji na magazeti humsahau. Lakini mikimbio zaidi ya 14,000 katika kriketi ya daraja la kwanza si kazi ya bahati. Mwaka 1981 alikuwa na miaka 37, wa rika la wajomba kwa vijana wa timu ile.

Msimu huohuo, upande wa Worcestershire, alikuwako kijana mwingine mzaliwa wa Nairobi, Dipak Patel, aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto. Huyo baadaye alihamia New Zealand, na katika Kombe la Dunia la 1992 walimfungulisha mechi yeye mrushaji wa mipira ya polepole, jambo ambalo wakati huo halikuzoeleka. Na Derek Pringle, aliyezaliwa Nairobi 1958, alikuwa akijiandaa; mwaka uliofuata alivaa kofia ya Uingereza. Baba yake, Don Pringle, alikuwa ameichezea timu ya Afrika Mashariki.

Wapinzani wakubwa wa Nottinghamshire walikuwa Sussex, wenye Imran Khan wa Pakistan na Garth le Roux wa Afrika Kusini, wote warushaji wa kuogofya. Sussex ndiyo klabu kongwe kuliko kaunti zote, ilianzishwa 1839, na haikuwahi kutwaa ubingwa hata mara moja. Mwezi Agosti walikutana Trent Bridge. Siku ya mwisho Nottinghamshire walikuwa wamebakiwa na wiketi moja tu, na wanaopiga walikuwa watu wa mwisho katika orodha, ambao kazi yao hasa si kupiga. Sussex wakadai kwamba mpira umempiga mpigaji mguuni mbele ya wiketi. Mwamuzi akakataa. Muda ukaisha, ikawa sare.

Mahesabu yake hata mtoto wa darasa la nne atayaweza. Msimu ulipokwisha, timu zote mbili zilikuwa na ushindi 11. Nottinghamshire walikuwa na pointi 304, Sussex 302. Kama wiketi ile moja ingeanguka, Sussex wangefikia 318. Tofauti ya pointi mbili ilitokana na zile za kudokoa, mkimbio huu na wiketi ile, zilizookotwa Mei na Juni katika mechi ambazo hakuna anayezikumbuka. Ubingwa wenyewe ulipatikana Trent Bridge tarehe 14 Septemba: Glamorgan walitolewa wote kwa mikimbio 60 katika raundi yao ya kwanza, na Nottinghamshire wakashinda bila kupoteza wiketi katika raundi ya pili.

Mwaka ule haukuwa wa kriketi tu. Aprili, Brixton iliwaka. Julai ikafuata Toxteth. Mweusi na Mhindi walikuwa wakitembea kwa tahadhari katika miji mingi ya nchi hii. Bunge lilikuwa likijadili sheria mpya ya uraia wa Uingereza, iliyopitishwa Oktoba 30, wiki sita tu baada ya shangwe za Trent Bridge. Na Jumamosi ya tarehe 12 Septemba, siku mbili kabla ya ubingwa, timu ya raga ya Afrika Kusini ilikuwa ikicheza Auckland huku ndege ndogo ikiudondoshea uwanja mifuko ya unga kupinga ubaguzi wa rangi. Rice alikuwa Mzungu wa Afrika Kusini ambaye nchi yake ilifungiwa na dunia. Hadlee alitoka New Zealand, ambayo urafiki wake na raga ya makaburu ulizifanya Kenya na nchi nyingi za Afrika zisusie Olimpiki ya Montreal 1976. Na kati yao, Basharat wa Nairobi. Historia haikuwaulizia ruhusa ya kukaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Hapa ndipo wengine kati yetu husema: lakini huyo ni Mhindi, anaingiaje katika jarida la Jamhuri? Tumelisikia swali hilo kwenye kikao cha kupanga jarida hili, na halikuulizwa kwa chuki. Basi tukumbushane. Baada ya Desemba 12, 1963, wakazi wasio Waafrika walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Wengine waliomba, wengine walisita wakabaki na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na wenye pasipoti zile wakaanza kufunga maduka. Waliposhika njia ya kuja huku, Bunge la London lilipitisha sheria kwa siku tatu tu, na Machi 1, 1968 mlango ukafungwa: pasipoti ya Uingereza haikutosha tena kama huna mzazi au babu wa huku. Familia nyingi za Leicester tunazonunua kwao bizari na unga wa sembe zina hadithi ya miaka hiyo, na zina Kiswahili cha Nairobi ambacho watoto wetu hawanacho.

Sasa sikilizeni kinyume chake. Mwaka huohuo wa 1968 wakuu wa kriketi walilegeza masharti, kaunti zikaruhusiwa kumsajili mchezaji wa ng'ambo papo hapo bila kumngoja akae miaka. Nottinghamshire wakamleta Garfield Sobers kutoka Barbados. Nchi moja, mwaka mmoja: uwanja ulifungua lango na bandari ikafunga.

Na timu ya Afrika Mashariki nayo, ile ya Kombe la Dunia la kwanza, 1975, hapa hapa Uingereza, ilikuwa mchanganyiko wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia: akina Shah na akina Ali, Samuel Walusimbi na mwandishi John Nagenda wa Uganda, na huyo Don Pringle. Walipoteza mechi zote tatu, na kwa vipigo vikubwa. Miezi michache baadaye Don Pringle alifariki katika ajali ya gari Nairobi, hakuwahi kumwona mwanawe akiichezea Uingereza.

Sussex, kwa wanaouliza, walingoja miaka 22 zaidi. Walitwaa ubingwa wao wa kwanza Septemba 2003. Miezi sita kabla yake, Machi 20, vijana wa Steve Tikolo, akina Odumbe, akina Obuya, pamoja na Hitesh Modi na Ravindu Shah, walisimama Durban kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India wakiwa na Kenya kifuani, na siku hiyo hakuna aliyeuliza nani ni nani.