Pareto, Ufuta na Viwavi

Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipothibitishwa kuingia nchini Kenya na kuanza kuteketeza mahindi, wakulima wengi walikimbilia madukani kununua dawa. Ni ajabu ya historia, kwani nchi hiyo ndiyo iliyopata kuwa ghala la dunia la dawa ya wadudu itokayo shambani, yaani pareto.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mzalishaji mkuu wa ua hilo jeupe alikuwa Japani. Vita vilipokata biashara yake na mataifa ya Magharibi, mashamba ya nyanda za juu za Kenya yalishika nafasi hiyo.

Hata hivyo pareto ilikuwa na dosari. Mdudu aliyenyunyiziwa huanguka papo hapo, lakini aweza kuinuka tena baadaye, kwa sababu mwili wake una vimeng'enya vinavyoivunja sumu hiyo. Mwaka 1940 ilidhihirika nchini Marekani kwamba mafuta ya ufuta, ambayo peke yake hayamdhuru sana mdudu, yakichanganywa na pareto huiongezea nguvu. Baadhi ya viini vya ufuta, kikiwamo sesamini, huvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Hivyo pareto kidogo, nayo ni ghali, ikatosha kuua wadudu wengi.

Mshirika mwingine ni mwarobaini. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila kila jani isipokuwa la mti huo. Azadiraktini, iliyotolewa katika mbegu zake mwaka 1968, humfanya kiwavi asusie chakula na ashindwe kujivua gamba. Pareto huua upesi, mwarobaini hukawia. Basi kuviunganisha kuna maana.

Lakini vyote viwili huharibiwa upesi na jua. Hapo wenye viwanda walipata mwanya. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, kemikali iliyoiga pareto lakini yenye kustahimili jua. Soko la ua likadhoofika. Katika miaka ya 2000, malipo ya wakulima wa Kenya yalipocheleweshwa mno, wengi waliing'oa pareto, na mahali pake wakapanda viazi, na mahindi.