Jungu Kuu na Mafiga Yake: Kuhamishia Programu za Mifumo Wazi kwenye Kompyuta Kuu, Ukitazama kutoka Buzuruga

Ikisiri

Makala haya yanahoji iwapo taasisi za Tanzania zihamishie programu za mifumo wazi, yaani zile za Unix, Linux na jamaa zake zilizotawanyika katika seva nyingi ndogo, kwenye kompyuta kuu, au meinfremu kama waiitavyo mafundi. Hoja inayojengwa ni kwamba hatua hiyo inamfaa mwendeshaji wa huduma ya kitaifa. Halmashauri, hospitali na SACCOS zipange nafasi kwake, na fedha zao zinunue betri na njia ya pili ya mawasiliano.

1. Neno "mtandao"

Jioni, katika kituo cha daladala cha Buzuruga jijini Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, mama mwenye kapu la sato anamkabidhi wakala shilingi elfu tano anunuliwe umeme wa LUKU. Kijana anabonyeza simu, anangoja, anabonyeza tena. "Mtandao unasumbua, mama yangu. Zunguka kidogo, urudi." Mama anaguna, anahamishia kapu mkono wa pili, anaondoka.

Neno hilo moja limefunika mambo manne. Huenda umeme umekatika na betri za mnara zimeisha. Huenda mkongo wa mawasiliano umekatwa njiani. Huenda programu ya katikati, inayounganisha kampuni ya simu na mwenye huduma, imejaa. Na huenda seva yenyewe imezima. Anayeshauri kununua kompyuta kuu kwa ajili ya uhakika anatibu jambo la nne tu. Kabla ya kumkubali au kumkataa, tupime jambo hilo la nne lina uzito gani.

2. Hesabu ya jungu

IBM ilitangaza familia ya System/360 mwezi Aprili 1964, na wazo lililokomaa katika ukoo huo ni la mashine moja kujigawa ionekane kama mashine nyingi. Kuanzia mwaka 2000 kampuni hiyo iliuza vichakataji vilivyotengwa kwa ajili ya Linux peke yake, ambavyo havikuongeza malipo ya programu za zamani zilizomo ndani ya mashine hiyohiyo. Hapo mlango ukafunguka kwa mifumo wazi. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya Telia ya Sweden ilitangaza kubadilisha seva 70 za Unix kwa kompyuta kuu moja. Mwaka 2007 IBM yenyewe ilisema ingehamishia kazi za seva zake zipatazo 3,900 kwenye kompyuta kuu zipatazo 30.

Siri ya akiba hiyo anaijua kila aliyewahi kupika kwenye shughuli. Ukiinjika vijungu sabini, kila kimoja kinataka mafiga yake, kuni zake na mtu wa kukichochea, ijapokuwa vingi vina maji ya nusu kikombe. Seva ndogo nyingi hushinda zikitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, kwa sababu kila moja ilinunuliwa kwa kukadiria siku yake ya msongamano mkubwa. Siku hizo haziangukiani: mishahara ni mwisho wa mwezi, ada za shule ni mwanzo wa muhula, hospitali ni kila asubuhi. Zikichanganywa, kilele cha huyu kinajaza bonde la yule. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na hapa ukoko ni ule uwezo wa akiba ambao kila mpangaji anaupata bila kuununua peke yake.

Hata hivyo hesabu ina mitego. Tangu mwaka 2001, VMware ilipoanza kuuza programu ya kugawa seva za kawaida kuwa seva pepe, sehemu kubwa ya faida hiyo inapatikana bila kompyuta kuu. Leseni nazo huweza kuila akiba yote. Oracle, kwa mfano, huhesabu kiini kimoja cha kichakataji cha kawaida cha Intel kama nusu leseni, na kiini cha kompyuta kuu ya IBM kama leseni nzima. Kwa hiyo kiini kikuu kisipofanya kazi ya viini zaidi ya viwili, mnunuzi amepata hasara. Isitoshe, programu haihami kama mpangaji abebavyo godoro. Iliyoandikwa kwa Java huhama kwa urahisi, ya C hubidi itafsiriwe upya kwa kichakataji kingine kinachopanga baiti kwa mfuatano wa kinyume, na ya Windows haihami kabisa.

3. Somo la Kigongo

Tuje kwenye uhakika. Tuchukue mfano wa kubuni, tukiiacha kando programu ya katikati: umeme unapatikana kwa asilimia 99 ya mwaka, na njia ya mawasiliano kwa asilimia 99. Seva ya kawaida ikipatikana kwa asilimia 99.9, mteja wa Buzuruga atakosa huduma kwa saa 183 hivi kwa mwaka. Tukiibadilisha kwa kompyuta kuu yenye asilimia 99.999, ambayo husimama kama dakika tano tu kwa mwaka, mteja yuleyule atakosa huduma kwa saa 174. Mamilioni yote yaliyotumika yamemwokolea saa zisizofika 9.

Watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa hesabu hii. Kwa miaka mingi basi la Sengerema, hata likiwa jipya namna gani, lilifika Kigongo likasubiri kivuko. Safari ilifupishwa na Daraja la JP Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Basi lilikuwa zima tangu mwanzo.

Je, basi kompyuta kuu haina maana? Hapa ndipo hoja inapogeuka. Umeme ukikatika Buzuruga, Buzuruga ndiyo inayokwama. Nyegezi na Igoma huenda zinaendelea na kazi. Mashine ya katikati ikisimama, nchi nzima husimama kwa pamoja. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu, wateja wa mikoa mbalimbali walishindwa kununua umeme kwa siku kadhaa, na mawakala wote wakawa na jibu moja. Saa zile zisizofika 9, ambazo kwa kibanda kimoja ni kidogo, zizidishe kwa kila kibanda nchini. Uhakika wa katikati haupimwi kwa mteja mmoja. Unapimwa kwa wingi wa wanaouegemea. Kwa mwendeshaji wa malipo ya Serikali, ya benki au ya umeme, bei ya kompyuta kuu inaweza kujitetea. Kwa halmashauri yenye programu kumi haijitetei.

Kuna swali pia la mahali pa kuiweka. Seva za M-Pesa ya Safaricom zilikuwa Ujerumani hadi 2015, zilipohamishiwa Kenya. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya. Jungu liwe karibu na walaji, na liwe na pacha katika mji mwingine.

4. Kivuli cha 1974

Hofu ya mashine moja kubwa ina historia hapa nchini. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta ya ICL, zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wengi wanaikumbuka marufuku na kusahau chanzo: kazi ilihamishwa kabla wenyeji wa kuiendesha hawajaandaliwa, na wataalamu wa kigeni wakawa ndio nguzo.

Leo hali ina nafuu moja. Fundi aliyejifunza Linux katika chuo chochote nchini anaikuta Linux ileile ndani ya kompyuta kuu. Lakini chini yake kuna tabaka linalogawa mashine, na hilo wanalijua wachache sana. Atakayenunua mashine bila kusomesha watu wa tabaka hilo atakuwa ameinunua 1974 upya.

5. Hitimisho

Jungu likiwa moja, mafiga hubaki matatu: mashine, umeme na njia. Mwenye jungu la taifa anunue mashine isiyozima, aiwekee pacha, asomeshe watu wake. Walioko ukingoni wapange nafasi humo, na programu zao ziandikwe ziweze kupokea kazi hata njia inapokatika, kisha ziitume ikirudi. LUKU yenyewe inaonyesha kuwa hilo linawezekana, kwani mita ya nyumbani huipokea tokeni bila kuunganishwa na mtandao wowote. Kinachohitaji mtandao ni kununua tu. Mama wa Buzuruga anastahili kwamba akirudi na kapu lake, kijana asimwambie tena azunguke.