Ubungo: barabara inatoa, barabara inachukua

Tukiulizwa tunasoma wapi tunajibu "Mlimani", basi. Kumbe kiserikali tupo Ubungo, manispaa iliyoanza 2016 baada ya kumegwa kutoka Kinondoni. Ofisi ni changa, lakini watu wake wa siku nyingi.

Mji wenyewe umekua kwa kufuata Barabara ya Morogoro. Manzese ilijengwa bila ramani. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, haikuivunja. Iliipelekea maji na barabara, na Sinza ikapimwa viwanja. Ila 2017, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba kibao zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara, serikali ikisema zimo ndani ya hifadhi yake. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani nayo yakahamia stendi mpya ya Mbezi Luis. Mama lishe wa stendi ya zamani wateja wakawapotea hivyo hivyo.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,086,912 Ubungo. Sisi walimu watarajiwa tutawafundisha watoto wao habari za Berlin 1884. Sawa, ipo kwenye silabasi. Lakini na ya Kimara nani atawafundisha?

Tchao, naenda lekcha.