Mitihani ya Kifaransa kwa Wageni: Tofauti kati ya DELF, DALF, TCF na TEF

Mtu anayeomba masomo ya chuo kikuu nchini Ufaransa, anayekusudia kuhamia Kanada au anayetafuta kazi katika taasisi ya kimataifa hutakiwa kuthibitisha kuwa anakimudu Kifaransa. Kwa wakazi wa Afrika Mashariki hitaji hilo liko karibu: Kifaransa ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha huendesha kazi zake kwa lugha hiyo pia.

Mitihani inayotambulika zaidi ni DELF, DALF, TCF na TEF. Matumizi yake hayafanani, na mtu anaweza kufanya vizuri katika mtihani mmoja lakini maombi yake yakakataliwa kwa kuwa uliohitajika ni mwingine.

Ngazi za umahiri

Mitihani yote hufuata ngazi 6 zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. A1 na A2 ni za anayeanza, B1 na B2 ni za anayeweza kujitegemea katika lugha, na C1 na C2 ni za mbobezi.

DELF na DALF

DELF ni Stashahada ya Masomo ya Lugha ya Kifaransa, nayo DALF ni stashahada ya kiwango cha juu. Zilianzishwa na Wizara ya Elimu ya Ufaransa mwaka 1985, na husimamiwa na taasisi ya France Éducation international yenye makao yake Sèvres, karibu na Paris. DELF inahusu ngazi za A1 hadi B2, na DALF inahusu C1 na C2. Kila ngazi ni mtihani unaojitegemea. Mtahiniwa anaweza kufanya B1 bila kupitia A1. Stashahada hizi hazina ukomo wa muda.

Katika DELF hupimwa stadi 4: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila stadi ina alama 25, na ufaulu ni alama 50 kati ya 100, mradi mtahiniwa asipate chini ya alama 5 katika stadi yoyote. Kwa mfano, aliyepata 22 katika kusoma, 20 katika kusikiliza, 18 katika kuandika na 4 katika kuzungumza ana jumla ya 64, lakini hakufaulu. Atalazimika kurudia mtihani mzima.

TCF na TEF

TCF husimamiwa na taasisi hiyohiyo ya Sèvres, na TEF husimamiwa na Chemba ya Biashara na Viwanda ya Paris Île-de-France. Mitihani hii haina kufaulu wala kufeli: humweka mtahiniwa katika ngazi anayostahili. Matokeo yake hutumika kwa miaka 2 tu.

Upi uchaguliwe?

Kwa uhamiaji wa kiuchumi unaoshughulikiwa na serikali kuu ya Kanada, vinavyokubaliwa kwa Kifaransa ni TEF Canada na TCF Canada. Stashahada ya DELF, hata ya ngazi ya B2, haikubaliwi huko. Kwa masomo nchini Ufaransa, mwenye DALF husamehewa majaribio ya lugha ya kuingia chuo kikuu. Kwa uraia wa Ufaransa, kiwango kimepandishwa kutoka B1 hadi B2 tangu tarehe 1 Januari 2026, na kadi ya ukaazi ya miaka 10 sasa inahitaji B1.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji asome masharti ya taasisi anayoiomba na kubaini jina kamili la mtihani, ngazi na muda wa uhalali wa matokeo. Usajili hufanyika katika vituo vilivyoidhinishwa, vikiwemo vya Alliance Française vya Dar es Salaam na Nairobi. Majina yaandikwe kama yalivyo katika pasipoti. Aidha, stashahada yenyewe huweza kuchukua miezi kadhaa kufika. Aliyefaulu hupewa kwanza hati ya matokeo. Mwenye tarehe ya mwisho ya maombi auweke muda huo katika hesabu zake.