UFC 259: Usiku wa mikanda mitatu, na goti lililompokonya Yan ubingwa

Tarehe 6 Machi 2021, Las Vegas, Marekani. Mabingwa watatu wa UFC walipanda ulingoni usiku mmoja kutetea mikanda yao. Mmoja alishinda kwa pointi, mwingine alimlazimisha mpinzani wake aombe poo. Wa tatu alipoteza mkanda kwa njia ambayo haikuwahi kutokea kwenye historia ya UFC: aliondolewa pambanoni kwa kuvunja sheria.

Kwa saa za Afrika Mashariki kadi kuu ilianza saa 12 asubuhi ya Jumapili. Kama uliamka muda huo, kuna uwezekano mkubwa uliamka kwa ajili ya Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja la MMA na sasa anautaka mkanda wa pili. Lakini hadi leo ukitaja UFC 259, ubishi unaoanza ni ule wa Petr Yan na Aljamain Sterling. Tuanze na huo.

Ukumbi bila mashabiki

Pambano lilifanyika UFC Apex, ukumbi mdogo unaomilikiwa na UFC wenyewe. Ilikuwa kipindi cha korona, hakuna mashabiki waliouza sauti wala kuzomea. Ukiwa mbele ya simu yako ulisikia kila kitu: ngumi ikitua, pumzi, makocha wakipiga kelele kutoka kona. Mapambano yalikuwa 15, ambayo kwa UFC ni mengi mno kwa siku moja.

Yan na Sterling: raundi ya nne, dakika ya 4:29

Petr Yan wa Urusi alikuwa bingwa wa uzito wa bantamu, yaani kilo 61. Mkanda aliuchukua Julai 2020 Abu Dhabi kwa kumtwanga José Aldo, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuutetea. Mpinzani wake Aljamain Sterling ni Mmarekani wa New York mwenye asili ya Jamaika, mtu wa mieleka na kukaba.

Sterling alianza kwa kasi ya ajabu. Alirusha ngumi na mateke bila kupumzika, akijaribu kumwangusha Yan kila alipopata nafasi. Yan ni wa aina nyingine: anaanza taratibu, anakusoma, halafu anapandisha gia. Kufika raundi ya tatu Sterling alikuwa amechoka na anayeangushwa chini sasa ni yeye. Baada ya raundi tatu, majaji wawili kati ya watatu walikuwa na Yan mbele kwa 29-28.

Raundi ya nne iliendelea hivyohivyo. Zikiwa zimebaki kama nusu dakika, Sterling alikuwa amepiga goti moja chini, Yan amesimama mbele yake ameshika kichwa. Yan akatulia kidogo, kisha akampiga goti la uso.

Refa Mark Smith akasimamisha pambano palepale. Sterling akabaki chini ameshika kichwa, daktari akaingia, na baada ya muda ikaamuliwa kwamba hawezi kuendelea. Yan akaondolewa, Sterling akatangazwa bingwa mpya.

Walipomvisha mkanda, Sterling aliuvua, huku akilia. Si hivyo alivyotaka kuupata.

Kwa nini lile goti ni kosa?

Hapa ndipo wengi wetu tulipochanganyikiwa, kwa hiyo tuliweke sawa.

Kwenye sheria za MMA zinazotumika Marekani, unaruhusiwa kumpiga goti la kichwa mtu aliyesimama. Aliye chini huruhusiwi. Na "chini" haimaanishi lazima awe amelala. Goti moja likigusa sakafu, tayari huyo anahesabiwa yuko chini: unaweza kumpiga ngumi au kiwiko, lakini goti au teke la kichwa ni marufuku.

Kilichokuwa kinaleta utata miaka ile ni mikono. Kulikuwa na majimbo ambako ukigusa sakafu kwa mkono mmoja tu unahesabiwa uko chini, na kwingine ilikuwa lazima iwe mikono yote miwili. Wapiganaji wajanja walikuwa wanagusa sakafu na kuinua, kugusa na kuinua, ilimradi wasipigwe. Mchezo huo ulikomeshwa Novemba 2024, sheria ilipobadilishwa na mikono ikaacha kuhesabiwa kabisa. Kwa Yan hilo lisingesaidia chochote. Goti la Sterling lilikuwa sakafuni, na goti linahesabika kwa sheria ya zamani na kwa sheria mpya.

Sasa swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: je, alikusudia?

Refa akisema kosa ni la bahati mbaya, hesabu inakuwa tofauti kabisa. Kwenye pambano la raundi tano, kama raundi tatu zimeshakamilika na mtu akaumia kwa kosa la bahati mbaya, linaamuliwa kwa kadi za majaji. Na kadi umeshaziona, mbili kati ya tatu zilimtanguliza Yan, na raundi ya nne ilikuwa inamwendea vizuri. Ila refa akisema kosa ni la makusudi na aliyepigwa hawezi kuendelea, aliyepiga anaondolewa, basi.

Smith alisema ni makusudi. Yan baadaye aliomba radhi na kusema hakuwa na nia ya kuvunja sheria, ni joto la pambano. Inawezekana kabisa. Lakini ukirudia video utaona alikuwa na muda wa kutazama kabla ya kupiga, na bingwa anatakiwa ajue mpinzani wake yuko kwenye hali gani. Binafsi naona refa hakuwa na njia nyingine.

Kilichofuata mitandaoni hakikupendeza. Sterling aliitwa mwigizaji, kwamba alijilegeza makusudi ili apewe mkanda. Picha yake akiwa na mkanda baada ya pambano ikaongeza petroli kwenye moto. Mwezi uliofuata alifanyiwa upasuaji wa shingo, tatizo alilokuwa nalo kwa muda, na matusi hayakupungua.

Nunes: dakika mbili na sekunde tatu

Hapa hakuna mengi. Amanda Nunes wa Brazili alikuwa na mikanda miwili, ya kilo 61 na ya kilo 66, uzito wa unyoya. Ule wa kilo 66 aliuchukua Desemba 2018 kwa kumpiga Cris Cyborg kwa KO ndani ya sekunde 51, kwa hiyo unaweza kufikiria mtu anayekuja kuutaka anajisikiaje.

Megan Anderson wa Australia alimzidi urefu, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake. Haikutosha. Nunes alimtikisa kwa ngumi, wakaenda chini, akambana kwa miguu huku akimnyoosha mkono. Anderson akagonga. Dakika ya 2:03, raundi ya kwanza.

Tatizo la mkanda ule lilikuwa kubwa kuliko pambano lenyewe. Wanawake wa kilo 66 walikuwa wachache mno UFC, hata kumpatia bingwa mpinzani ilikuwa kazi. Anderson hakupigana tena UFC baada ya usiku ule, na Nunes hakuutetea tena mkanda huo. Alipostaafu Juni 2023, uzito huo ukafungwa.

Adesanya alipanda na kilo zilezile

Sasa turudi kwa mtu wetu.

Adesanya alizaliwa Lagos mwaka 1989, akahamia New Zealand akiwa mtoto, akakulia kwenye mchezo wa ngumi na mateke kabla ya kuingia MMA. Mpaka siku hiyo alikuwa amepigana mara 20 na kushinda zote 20. Tangu Oktoba 2019 alikuwa bingwa wa uzito wa kati, kilo 84. Mpango wake ulikuwa kupanda hadi kilo 93, achukue mkanda wa pili, na awe mtu wa tano kushika mikanda miwili ya UFC kwa wakati mmoja baada ya Conor McGregor, Daniel Cormier, Nunes na Henry Cejudo.

Bingwa wa kilo 93 alikuwa Jan Błachowicz wa Poland, umri miaka 38. Mkanda huo ulikuwa umeachwa wazi na Jon Jones, na Błachowicz akaushinda Septemba 2020 kwa kumpiga Dominick Reyes. Usiku huohuo, kwenye ulingo uleule wa Abu Dhabi, Adesanya alikuwa amemtwanga Paulo Costa. Hata hivyo wachezaji kamari walimpa nafasi zaidi Adesanya. Mzee wa watu alidharauliwa kidogo.

Kwenye kupima uzito Adesanya alikuja na boksi la piza mkononi. Utani huo ulikuwa na maana yake. Mpiganaji wa kawaida hujinyima chakula na maji ili afikie kikomo cha uzito, halafu baada ya kupima anarudisha kilo kadhaa kabla ya pambano. Adesanya hakuwa na haja ya kujinyima. Alipima kama kilo 91, mbili chini ya kikomo. Hakutaka kujijaza misuli, alitaka abaki na wepesi wake.

Kwa raundi tatu ilionekana hesabu yake inaweza kulipa. Walipigana kwa kusimama, kwa tahadhari kubwa, kila mmoja akimheshimu mwenzake. Adesanya aliruka huku na kule na mateke yake, Błachowicz akajibu kwa teke na ngumi nzito. Ukiniuliza nani alikuwa mbele, ningekwambia ni ngumu.

Raundi ya nne Błachowicz akamwangusha, akamlalia. Adesanya akahangaika na asiinuke. Raundi ya tano ikawa yaleyale: akaangushwa, akalaliwa, akapigwa ngumi mpaka kengele. Ile tofauti ya kilo ambayo haikuonekana wakiwa wamesimama ilionekana yote pale chini. Huwezi kumkwepa mtu ambaye tayari yuko juu yako.

Majaji wakatoa 49-46, 49-45 na 49-45, zote kwa Błachowicz.

Ukitaka kuzisoma namba hizo: kila raundi mshindi anapata pointi 10, aliyeshindwa kwa kawaida anapata 9. Kwa raundi tano, 49-46 ni sawa na kushinda raundi nne na kupoteza moja. 49-45 maana yake jaji alimpa Błachowicz raundi nne pia, na moja kati ya hizo aliiona ni kichapo kikubwa kiasi cha kuandika 10-8. Wengi waliona kadi hizo zimezidisha, na mimi ni mmoja wao. Mshindi alikuwa sahihi, lakini pambano halikuwa la upande mmoja namna ile.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Adesanya kupoteza kwenye MMA. Mkanda wake wa kilo 84 haukuguswa, kwa sababu haukuwa unashindaniwa.

Mengine ya usiku ule

Kwenye kadi kuu, Islam Makhachev wa Dagestan alimkaba Drew Dober raundi ya tatu. Wakati ule alikuwa bado anafahamika zaidi kama mdogo wake Khabib Nurmagomedov kimazoezi. Oktoba 2022 akawa bingwa. Aleksandar Rakić alimshinda Thiago Santos kwa pointi, pambano ambalo ungeweza kwenda kuchemsha chai ukarudi.

Kwenye mapambano ya utangulizi, Mnigeria Kennedy Nzechukwu alikutana na Carlos Ulberg, anayefanya mazoezi gym moja na Adesanya kule Auckland. Ulberg alimshushia mvua ya ngumi mpaka akaishiwa pumzi, kisha raundi ya pili Nzechukwu akamzima kwa KO. Likachaguliwa pambano bora la usiku, kila mmoja akaondoka na dola 50,000 za ziada. Kama hujawahi kulitazama, anza na hilo.

Mikanda iliishia wapi

Błachowicz alikaa na wake hadi Oktoba 2021, akanyang'anywa na Glover Teixeira huko Abu Dhabi. Nunes alipoteza ule wa kilo 61 Desemba 2021 mbele ya Julianna Peña, akaurudisha mwaka uliofuata.

Adesanya alirudi kilo 84 na Juni 2021 akamshinda Marvin Vettori. Novemba 2022 Alex Pereira, aliyekuwa amemshinda mara mbili enzi za ngumi na mateke, akamvua mkanda kwa TKO ya raundi ya tano. Aprili 2023 Adesanya naye akamlaza Pereira na kuuchukua tena.

Yan na Sterling walipangwa kurudiana Oktoba 2021, Sterling akajitoa kwa sababu ya shingo. Yan akapewa Cory Sandhagen, akashinda na kuchukua ubingwa wa muda. Ikawa kuna watu wawili wenye mkanda wa uzito mmoja, na kelele zikaongezeka.

Walikutana tarehe 9 Aprili 2022 huko Jacksonville, safari hii ukumbi ukiwa umejaa. Sterling alimganda Yan mgongoni raundi ya pili na ya tatu. Yan akarudi kwa nguvu mwishoni. Majaji wakagawanyika: 48-47 Sterling, 47-48 Yan, 48-47 Sterling. Safari hii mkanda hakuuvua.