Mwenye Kitabu na Mwenye Ufunguo: Mkutubi Machoni pa Watu wa Kusini

Kila yanapozungumzwa mambo ya maktaba za mikoa ya kusini, hurudiwa kauli ileile: watu wa Mtwara na Lindi hawana utamaduni wa kusoma, ndiyo maana mkutubi kwao ni bawabu tu, mtu wa kugonga muhuri na kukemea wanaonong'ona. Kauli hiyo hutiwa chumvi ya zamani, ya siku ambazo Rufiji haikuwa na daraja na mtumishi aliyepangiwa Mtwara alihesabiwa kuwa amekomolewa. Wapo wakutubi wanaoiamini. Mimi siikubali, na hoja yangu imo katika kisa cha mwaka 1908 ambacho waandishi wa historia ya maktaba hukiruka, pengine kwa sababu hakina rafu wala kadi ya uanachama.

Historia iliyozoeleka haihitaji maneno mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza waliunda ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, ikasambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha kwa posta. Ikaja sheria ya maktaba ya 1963, Max Broome akawa mkurugenzi wa kwanza, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Baadaye uongozi ukashikwa na Mtanzania, Ezekiel Kaungamno, na mafunzo ya ukutubi yakapata chuo chake Bagamoyo. Kwa masimulizi haya, kabla ya sanduku la Mwingereza hapakuwa na kitu.

Sasa twende Lindi, mwaka 1908. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa karibuni tu pale Wajerumani walipogundua kwamba kuna waraka unaopita mkono kwa mkono miongoni mwa Waislamu wa pwani. Ulisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume huko Madina: Mtume ameuchukia uovu wa umma wake, siku za mwisho zimekaribia, watu watubu na washike sala. Na kila aupataye aunakili na kuupeleka mbele. Waraka wa namna hii ulishaonekana Java miaka ya 1880, kwa hiyo haukuwa mzaliwa wa Lindi. Lakini maafisa, wakiwa bado na hofu ya vita, walinusa uasi. Wakakusanya nakala, wakahoji walimu, wakawakamata baadhi yao.

Wasomi wamevutana juu ya waraka huo. C. H. Becker aliuchambua mwaka 1911 kwa jicho la mtu anayetaka koloni litulie. B. G. Martin, mwaka 1969, aliona mkono wa tarika ya Kadiria na upinzani dhidi ya wakoloni. Tafsiri hiyo inasisimua, ila inawaamini mno maafisa wale wenye hofu, kana kwamba mwalimu wa pwani hawezi kunakili karatasi bila kupanga vita. Namwelewa zaidi Felicitas Becker, ambaye kitabu chake cha 2008 kinautazama Uislamu wa kusini kutoka vijijini: watu waliopoteza jamaa, chakula na wakubwa wao wanatafuta njia ya kujenga upya heshima na jamii.

Langu ni dogo. Tazama serikali ilikuwa ikimsaka nani: yule ambaye karatasi imo nyumbani mwake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa na msahafu, vitabu vya maulidi na vya fikihi, pengine na cha falaki. Watu walimwendea awasomee barua, awagawie mirathi, awatazamie siku njema ya safari, awaandikie kombe la aya za kuponya. Waliomheshimu walimwogopa pia, maana kitabu kinachoponya huweza kudhuru. Habari za kale za miji ya pwani hii, Mikindani ikiwemo, ambazo Carl Velten alizichapisha mwaka 1907, zatoka katika ulimwengu huohuo wa watu waliojua kalamu.

Wala tusimpambe. Mwalimu naye alifungia vitabu vyake sandukuni, na hakuna aliyekwenda navyo nyumbani. Lakini alikufungulia, akakusomea, akakwambia neno hilo lina maana gani kwa shauri lako. Huduma mpya ya maktaba iligeuza mambo: kitabu unapewa, ukisome mwenyewe, ukirudishe kwa tarehe. Kukopesha ni hatua kubwa, nakiri. Tatizo ni kwamba kazi ya kufasiri haikupewa mtu. Shuleni mpaka leo ufunguo wa maktaba huangukia mwalimu mwenye vipindi vyake tayari, na kitabu kikipotea yeye ndiye wa kujieleza. Nani asingekuwa bawabu?

Kwa hiyo watu wa kusini wanapomwona mkutubi kuwa mtu wa mlangoni, mimi nasikia wateja wanaoikumbuka kazi na kuona imekatwa nusu. Yule bibi mkutubi wa filamu za Marekani, mwenye miwani na kidole mdomoni, si wetu. Tunapomlalamikia warshani tunaazima kilio cha wengine. Mkutubi anayekaa na kijana kumsomea masharti ya fomu ya mkopo wa chuo kikuu, au na mjane mwenye barua ya baraza la ardhi, haleti jambo geni pwani hii.

Wala Ruvuma haikuwa mpaka wa wasomaji hao. Ng'ambo, katika Cabo Delgado, masheha na masharifu waliandikiana na Wareno kwa herufi za Kiarabu, na barua zao zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Maputo, ambako Liazzat Bonate amezishughulikia. Majalada ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Maktaba ya mkoa ya Mtwara iko kati ya miji hiyo miwili, na nakala za picha si ghali. Kinachotakiwa ni mkutubi anayeisoma hati ya Kiarabu, na walimu wa kumfundisha hawako mbali: wamo Mikindani, wamo Msimbati, na sijasikia aliyewahi kuwaomba kazi hiyo kwa barua ya serikali.